Saidi Mabruki na Dawa Yake ya Koo

Saidi Mabruki alikuwa na sauti ambayo Serikali iliithamini kuliko alivyoithamini mkewe. Mke huyo, Tatu, alikuwa na sababu zake: yeye aliisikia nyumbani kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka. Lakini mjini Tabora ikipita Landrova ya kijani yenye vipaza sauti viwili juu ya paa, na ile sauti nzito ikisema, "Wananchi, mnatangaziwa," watu kuanzia Gongoni mpaka Isevya waliacha walichokuwa wakifanya. Si kwamba tangazo lilikuwa la maana sana. Sauti ilikuwa tamu.

Ukoo wake ulikuwa wa mjini tangu enzi za misafara. Babu yake aliingia Tabora na pembe ya ndovu begani, akatua mzigo, akaoa, akakataa kuubeba tena. Mjukuu aliendeleza kazi ya babu kwa kwenda na kurudi njia ile ile, Kigwa mpaka Tura, tofauti ikiwa kwamba yeye alikwenda amekaa. Dereva wake aliitwa Modest, Mkatoliki wa Itetemia, mtu asiyefungua mdomo mpaka aulizwe. Nadhani ofisi ilifanya hesabu ikaona gari moja haliwezi kubeba wasemaji wawili.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru kazi ilikuwa nyepesi: chanjo ya ng'ombe, sinema ya bure uwanjani, basi. Lilipokuja Azimio la Arusha nchi ikagundua kwamba ina mengi ya kuambiwa. Saidi alitangaza kuchimba vyoo, alitangaza madarasa ya watu wazima, alitangaza mbio za mwenge. Alitangaza ujio wa kiongozi, akatangaza kuahirishwa kwa ujio wa kiongozi, kisha akawashukuru wananchi kwa moyo waliouonyesha wa kumsubiri kiongozi ambaye hakuja.

Vumbi la barabara ile halikujali kwamba yeye ni sauti ya Taifa. Lilimwingia kifuani likakaa. Siku moja Kigwa, mgeni rasmi akiwa amesimama tayari kukaribishwa, Saidi alishikwa na kikohozi mbele ya kipaza sauti, akakohoa muda mrefu kiasi kwamba umati, ambao ulikuwa umefundishwa vizuri, ulipiga makofi. Mgeni rasmi hakufurahi. Kesho yake Saidi aliambiwa aende hospitali, na asirudi kazini mpaka koo lipone.

Daktari aliyemkuta huko alikuwa mgeni wa mkataba aliyekuwa akifunga mizigo yake arudi kwao. Akamsikiliza kifua kwa haraka, akampa chupa ya dawa ya maji ya rangi ya kahawia, tamu kama sharubati, akamwambia anywe kijiko kimoja kabla ya kulala kwa wiki moja. Ndani ya dawa ile mlikuwa na methadoni. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo, na Saidi, aliyekuwa akilipwa kusoma matangazo ya watu wote, hili moja hakulisoma.

Kikohozi kilikatika. Na zaidi ya hapo, roho yake ilitulia kwa namna ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Vumbi likawa si kitu, bosi akawa si kitu, maneno ya Tatu kuhusu paa linalovuja yakawa kama redio ya jirani. Wiki ilipokwisha alijiona bado ana kikohozi, yaani kile ambacho angeweza kukipata asipokunywa. Akaenda kununua chupa nyingine katika duka la dawa mjini. Mwenye duka alimpa bila swali, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa wa Serikali, na sauti ilikuwa yake, na kila mtu alipenda iendelee.

Kijiko kikawa viwili. Cha kulalia kikapata mwenzake wa asubuhi. Baada ya mwaka kijiko kiliachwa nyumbani na chupa ikawa inasafiri kwenye mkoba, kati ya tochi na hotuba. Watu wa vijiji vya njiani waliozoea kumwona walidhani ni asali ya kulainishia koo, wakasifu ustadi wake. Alisimama juu ya Landrova akiwafundisha wananchi kujitegemea, akameza funda, akaendelea kuwafundisha.

Tatu aliona mapema. Aliona mume anasinzia akiwa ameshika tonge. Aliona choo kimekuwa safari ya kila baada ya siku nne, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Alipomuuliza, Saidi alimjibu kwa sauti ileile ya kipaza kwamba ile ni dawa ya koo, na koo ni chombo cha kazi, kama cherehani kwa fundi. Tatu alimwambia kwamba hajawahi kumwona fundi anayeinywa cherehani yake. Mazungumzo yakaishia hapo kwa miaka kadhaa.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Kazi ya Saidi sasa ilikuwa kuwaambia watu wa upande wa Tura kwamba wanahama, kwa hiari yao wenyewe, na kwamba malori yanafika Jumatano. Alilitangaza hilo vizuri mno. Katika kitongoji kimoja Landrova ilifika ikakuta malori yamewahi, kwa sababu ari ya viongozi ilikuwa kubwa, na paa za nyumba tayari zimeshushwa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa juu ya kinu chake katikati ya uwanja. Saidi alimwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba, kisha akamuuliza kwa upole kabisa, "Na wewe mwanangu, wamekuhamishia wapi?"

Saidi alimpa mgongo. Alirudi kwenye gari, akanywa kutoka kwenye chupa mara mbili, akasimama tena akawatangazia wananchi kwamba maendeleo yamefika. Modest alimwona kwenye kioo. Kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

Tangu siku hiyo koo halikuwa na habari tena na dawa ile. Saidi aliinywa ili aweze kusema yale maneno na yasimrudie.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka mwaka wa kipindupindu, nchi ilipokuwa na upungufu wa fedha za kigeni na wa karibu kila kitu kinachonunuliwa kwa fedha hizo. Sabuni ilitoweka, dawa ya meno ikatoweka, na siku moja mwenye duka la dawa akafungua mikono na kusema chupa zile hazipo na hajui lini zitakuwepo. Saidi alitoka dukani akiwa na uamuzi wa kiume. Alimtangazia Tatu kwamba kuanzia leo ameacha, kabisa, mara moja, kwa sababu mwanamume ni nia.

Siku ya kwanza nia ilifanya kazi nzuri sana. Alitembea mjini akijisifu. Siku ya pili alianza kupiga miayo isiyokwisha, mmoja ukivuta mwingine, na pua ikamtiririka kama ya mtoto. Baada ya hapo nia haikuonekana tena. Vinyweleo vilimsimama mwili mzima katika joto la Oktoba. Miguu ilirusha mateke yenyewe, mifupa ikauma kana kwamba inatwangwa, na lile tumbo lililokuwa limefungwa miaka yote likaamua kufunguka na kulipa deni lake lote.

Hapo ikatokea jambo ambalo wenyewe wa Gongoni wanalisimulia hadi leo kwa raha. Wiki mbili kabla, Saidi alikuwa amepita mtaa kwa mtaa akitangaza kwamba yeyote atakayemjua mtu anayehara na asimripoti kwa balozi wa nyumba kumi, atachukuliwa hatua kali. Jirani yake Mwanamkuu, mama mtiifu kwa Chama, alimsikia vizuri. Akahesabu safari za Saidi kwenda chooni, akaenda kwa balozi. Jua halijafika utosini, sauti ya Taifa ikawa imelazwa kwenye hema la kipindupindu, kwenye kitanda chenye tundu katikati, huku Mwanamkuu akipongezwa kwa uraia mwema.

Walimpima, wakakuta hana kipindupindu. Hawakumwambia ana nini. Mganga msaidizi mmoja alimpa klorokwini kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mwingine alimwambia ni mawazo, aache kuwaza. Alirudishwa nyumbani na ushauri wa kunywa maji mengi, akiwa hawezi kushika kikombe bila kukimwaga.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Shemeji yake alisema ni jini la Kimanyema, maana hao hawataki mtu aache kitu ghafla. Shehe wa mtaa alimwandikia kombe la aya za Kurani, akalinywa, likatoka. Wakampeleka kwa mfumu, mganga wa Kinyamwezi wa Itetemia, ambaye alitupa kauri zake za kupigia ramli, akatazama muda mrefu, akasema kuna mtu ofisini anaionea wivu sauti ya mgonjwa. Hilo Saidi alilikubali papo hapo, maana lilikuwa limemkaa moyoni siku nyingi. Alichanjwa kifuani na kupewa dawa ya kufukiza. Hata Modest alimletea maji ya baraka ya parokia, akayaweka dirishani bila kusema ya nini. Hakuna hata mmoja kati ya wote hao, mwenye elimu au asiye nayo, aliyeuliza yule mtu alikuwa akinywa nini kabla hajaugua. Na mgonjwa mwenyewe, msemaji mashuhuri wa mkoa, alinyamaza.

Aliyemponya alikuwa mfanyakazi mmoja wa reli. Huyo alikuwa na chupa mbili alizozipata Dar es Salaam, akazileta mpaka mlangoni, na bei yake tusiitaje. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, Tatu akiwa jikoni. Saidi alinywa kipimo chake cha zamani, kile cha siku zake za fahari, akaongeza kidogo kufidia siku alizokosa. Kilichokuwa kimebadilika ni mwili wake. Siku zile za mateso zilikuwa zimeusahaulisha mazoea yake, na kipimo kilichokuwa kikimtuliza zamani sasa kilitosha kumuua.

Tatu alipokuja na chakula alimkuta ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya bluu, anavuta pumzi moja, kisha kimya, kisha moja tena kama mtu anayekumbushwa. Alimpiga makofi, akammwagia maji. Alitoka mbio mpaka ofisini, na Modest, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alitoa gari la Serikali bila kibali. Tatu alipanda akiwa ameishika chupa mkononi. Hakujua kwa nini ameichukua. Anasema hakutaka tu ibaki nyumbani kwake.

Hospitalini alikuwa ameletwa daktari mpya, Daktari Anselm, kijana mwembamba kutoka Chuo Kikuu, ambaye hakuna aliyempenda. Alikuwa na kiburi, alikuwa na haraka, na wazee aliwaamkia kama anayelipa kodi. Alimtazama Saidi, akamnyang'anya Tatu chupa, akaisoma. Kisha akawa anatoa amri na watu wanakimbia. Walimsaidia Saidi kupumua kwa mpira wa hewa uliobonyezwa kwa mkono, kwa zamu, alasiri yote, mpaka pumzi zake zikaanza kujitegemea.

Kesho yake daktari alikuja na kukaa kitandani, jambo ambalo wauguzi walisema hajawahi kulifanya.

"Mzee Saidi, umekunywa dawa hii kwa muda gani?"

"Kidogo tu, daktari. Kwa ajili ya koo."

Tatu alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka. "Miaka minane," alisema.

Daktari Anselm aliguna. Akawaambia, bila kuzunguka, kwamba methadoni ni ndugu wa kasumba. Ni dawa nzuri mahali pake na kwa kipimo chake, lakini mwili ukiizoea, mtu hawezi kuikata ghafla kama anayekata kamba. Akiikata hivyo anateseka, na akikimbilia kipimo cha zamani baada ya kuteseka, anakufa. Njia ilikuwa moja: apewe kiasi kinachomtosha asimame, kisha kipunguzwe kidogo kidogo, wiki kwa wiki, akiangaliwa. Saidi aliuliza kwa unyenyekevu kama kwa hali hiyo angepelekwa Dar es Salaam, au pengine nje, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Serikali.

"Utatibiwa hapa hapa," alisema daktari. "Dawa ninayo."

Na kweli alikuwa nayo. Hospitali ile haikuwa na aspirini wala bandeji, mashuka yalikuwa yanaletwa na wagonjwa, lakini ghalani kulikuwa na kopo zima la vidonge vya methadoni, vilivyotumwa kimakosa badala ya dawa ya minyoo na kukaa pale kwa kuwa kila aliyevisoma aliviogopa. Ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo makosa ya ugavi yalimfaa mtu.

Alilazwa kwanza, kisha akaruhusiwa kulala nyumbani kwa masharti. Kila asubuhi aende hospitali, ameze dawa yake mbele ya muuguzi Paskazia, afungue mdomo, ainue ulimi, aonyeshe. Mtu aliyekuwa akiwafungulia mdomo maelfu sasa aliufungua kila siku kwa ajili ya mama mmoja mwenye miwani, aliyechungulia humo kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nyumbani pasiwe na tone la dawa ile. Shemeji na jini lake wakaombwa wasubiri.

Vipimo vya mwanzo vilishuka bila taabu kubwa, Saidi akavimba kichwa. Alimwendea daktari na pendekezo. Saba Saba ilikuwa inakaribia. Ingekuwa heshima kwa Chama kama angekamilisha zoezi zima kabla ya sikukuu, hata ikibidi kuruka hatua kadhaa.

"Mwili wako hauijui Saba Saba," alisema Daktari Anselm akiendelea kuandika. "Wewe umezoea watu wanaohamishwa kwa siku moja. Mimi sifanyi kazi hivyo."

Saidi alikasirika, akasema kijana hana adabu. Lakini hakumweleza Tatu kilichosemwa mpaka baada ya muda mrefu.

Safari haikuwa nyoofu. Vipimo vilipokuwa vidogo sana, ndipo ulipokuja ugumu: usingizi ulimkimbia, miguu ikaanza tena, na yale aliyokuwa ameyatangaza miaka yote yakaanza kumrudia kichwani kwa sauti yake mwenyewe, mama wa kinu akiwemo. Akamtafuta yule mtu wa reli, akanywa. Asubuhi Paskazia alimtazama macho mara moja tu, akamwita daktari. Saidi alijiandaa kufukuzwa. Alikuwa ameshatunga hotuba ya kujitetea. Daktari hakuitaka. Alimuuliza amekunywa kiasi gani, akamtaka asimdanganye, akampandisha ngazi moja ya kipimo na kumwambia wataanza kushuka tena, polepole zaidi. Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Tatu alikwenda mwenyewe stesheni kumwona yule mtu wa reli. Walichozungumza hakijulikani, ila mtu yule aliomba uhamisho wa kwenda njia ya Mwanza.

Kilichobaki ni uvumilivu usio na la kusimulia. Tatu alimkanda miguu kwa maji ya moto. Modest alianza kuja jioni, wakawa wanacheza bao barazani, na kwa kuwa Saidi hakuwa na nguvu za kusema, Modest alijikuta anasema. Ikagundulika kwamba alikuwa na mengi sana, na mengine yalihusu kitongoji kile cha Tura. Hatimaye ikafika asubuhi Paskazia alipompa maji matupu, akamwangalia ulimi kwa mazoea, akamwambia asirudi kesho.

Kikohozi kilirudi, kama daktari alivyomwonya, na kikatibiwa kwa kukaa mbali na vumbi. Alirudi kwenye Landrova mara moja tu, kutangaza zoezi fulani jipya la hiari ya lazima. Alisoma mistari miwili, akasikia maneno yanayotoka, akamwomba Modest ageuze gari. Akaandikiwa onyo, akaandikiwa jingine, na mwisho akapewa adhabu ya kuhamishiwa ghala la asali na nta, ambako hakuna wa kumtangazia ila nyuki waliojisahau. Anasema ni adhabu nzuri kuliko vyeo vyote alivyowahi kupewa. Daktari Anselm alikuwa akimtumia watu wachache wenye shida kama yake. Alikuja Eustadia, mama wa Kigwa aliyezoea vidonge vya maumivu baada ya upasuaji, akauliza kama itakwisha. Saidi alimwambia leo haitakwisha, lakini itapungua, akamchemshia chai.

Daktari mwenyewe hakukaa. Mkoa ulipozoea kuwa na daktari anayejua kazi, ikaonekana ni vyema apelekwe Lindi. Saidi na Tatu walikwenda stesheni kumuaga. Hapakuwa na wengi. Daktari alikuwa amekwishakaa dirishani na gazeti.

"Unalala?" alimuuliza Saidi.

"Ninalala."

"Choo?"

"Kila siku, daktari."

"Vizuri," alisema Anselm, akafungua gazeti lake.

Kuagana kulikuwa kumekwisha, lakini treni haikuondoka. Injini ilikuwa na tatizo, kisha dereva akawa haonekani. Wakabaki hivyo kwa muda mrefu, daktari akisoma ukurasa uleule, Saidi na mkewe wamesimama chini ya dirisha, watatu hao wakiona haya kwa kuwa walikuwa wamekwishasema yote. Tatu akanunua karanga kwa mchuuzi, akampa daktari za kwanza. Alizipokea kwa mikono miwili, akaanza kuzimenya.